Chombo kikizama, maneno yataelea?

MWULIZE mwanafunzi yeyote wa Kamenu, Thika, akueleze maana ya methali “Kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani.” Bila kusita atakujibu kwamba hata mtu azurure vipi, mwisho hurudi kwao. Lakini mtake akuonyeshe tezi ni wapi, omo ni wapi na ngama ni kitu gani, na huenda akabaki akikodoa macho.

Si kosa lake. Thika ni mji wa viwanda na mananasi, na mito yake Chania na Thika haipitishi jahazi. Hata hivyo, lugha anayotahiniwa nayo imejaa chumvi ya bahari. Mambo yakiharibika twasema yamekwenda mrama. Kiongozi mpya hushika usukani, na aliyetulia mahali huambiwa ametia nanga. Wenye maneno hayo ni mafundi na mabaharia wa pwani, na kazi yao imo mashakani.

Tuanzie kijiji cha Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, kinachosifika tangu jadi kwa kuunda vyombo. Fundi wa huko hachori ramani. Ramani yake imo kichwani na machoni. Kwanza hulaza mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa chombo. Kisha hufuata mbao za ubavuni na mataruma, yaani mbavu. Taruma halipindwi kwa moto wala kwa mashine, bali fundi hutafuta mti uliojipinda wenyewe. Mlilana, mmoja wa miti ya mikoko, husifiwa sana kwa kazi hiyo.

Zana zake ni chache: shoka, tezo, msumeno, nyundo na keekee ya kutobolea. Mbao zikishashikana, nyufa huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi. Kazi hii huitwa kukalafati. Sehemu inayokaa majini hupakwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa ili wadudu wasile mbao.

Ufundi huu una umri mrefu. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinataja vyombo vya kushonwa katika mwambao huu wetu. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ulitoweka katika karne ya 20. Leo wanaotaka kuujua huenda makumbusho.

Je, mashua na ngalawa nazo zitafuata njia hiyo? Siku hizi wavuvi wengi hutumia mashine, na boti za faiba zimeingia kwa wingi. Mbao nzuri ni ghali. Mnamo Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, wakataji mikoko wa Lamu nao waliguswa kabla ya amri hiyo kulegezwa. Lililo zito zaidi ni kuwa ufundi huu hurithishwa kwa mkono. Kijana asipokaa kando ya mzee wake akishika tezo, mzee akifariki huondoka na ramani yake.

Hata hivyo, mafundi hawajakata tamaa. Mwaka wa 2018, Ali Skanda, fundi wa Lamu, na wenzake waliunda jahazi lenye urefu wa mita 9 kwa takataka za plastiki, wakalifunika kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Wakaliita Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka wa 2021 likazuru Ziwa Victoria. Mbao, mkuku na mataruma vilikuwa vya plastiki, lakini ufundi ulikuwa ule ule wa mababu.

Mashindano ya mashua ya Lamu nayo hayajafa. Baharia hukaa juu ya ubao uliotokeza nje ya chombo ili kisipinduke, naye nahodha huusoma upepo kwa kuutazama uso wa maji. Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini manahodha wengi chombo huenda mrama.

Basi mzazi, ukijaliwa kwenda pwani msimu wa likizo, usiishie kwenye mchanga na madafu. Wapeleke watoto katika makumbusho ya Lamu wakatazame vyombo vya kale, kisha mkaamkie fundi kazini. Mwombe awaonyeshe tezi, iliyo nyuma. Omo, iliyo mbele. Na ngama, kule chini ndani ambako maji yaliyovuja hukusanyika. Baharia aendaye nyuma na mbele kazini hatimaye hushuka huko kuyateka. Mtoto akiyaona hayo kwa macho yake, methali haitakuwa tena jambo la kukaririwa kwa ajili ya mtihani.