Mpango Usiovunjika Mtu Akibadili Mawazo

Majina ya udahili yakitoka, mtaani kwetu Nyasho, Musoma, swali ni moja tu: umepangiwa wapi? Mimi nina la pili: mpango huo utadumu?

Tangu 2017 tunaomba moja kwa moja vyuoni. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, TCU inamtaka athibitishe kimoja. Akishathibitisha, kwingine anaacha pengo. Anaitwa mwingine, naye huenda akaacha pengo lake.

Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walieleza maana ya mpango thabiti. Ni ule ambao humkuti mwanafunzi na taasisi wanaotakana kuliko walichopewa. Wakiwepo wawili wa hivyo, watatoroka pamoja na mpango umekufa. Walithibitisha kwamba mpango thabiti hupatikana siku zote.

Ila uthabiti huo ni wa leo. Kesho mtu akibadili mawazo je?

Tuseme Bhoke na Marwa wanatafuta fildi Musoma, nafasi ni mbili. Bhoke anataka hospitali kwanza, Marwa anataka shule. Hospitali inampendelea Marwa, shule inampendelea Bhoke. Hapo mipango thabiti ni miwili. Wa kwanza: kila mwanafunzi anapata anachotaka. Wa pili: kila taasisi inapata inayemtaka.

Sasa Bhoke kageuka, anataka shule. Mpango wa kwanza unavunjika palepale, maana shule nayo inamtaka yeye. Wa pili haujatikisika: Bhoke yuko shuleni tayari. Marwa angegeuka, ingekuwa vilevile. Lakini ikigeuka hospitali na kumtaka Bhoke, mambo yanapinduka: wa pili unavunjika, wa kwanza unabaki.

Kwa hiyo ustahimilivu hauko kwenye mpango peke yake. Unategemea nani anaelekea kubadilika. Na una bei. Kama sisi wanafunzi ndio vigeugeu, mpango unaodumu hapa ni ule unaotupa chaguo la pili. Watu wakiwa wengi, mara nyingine hupatikana mpango wa katikati, unaobeba mishtuko ya pande zote.

Basi tukidai kila mtu apewe chaguo lake la kwanza, mratibu wa fildi ana haki ya kutuuliza: mna uhakika hamtageuka wiki ijayo? Jibu likiwa hapana, jamani, anayeumia ni mwenzetu atakayehamishwa akiwa ameshalipa kodi ya chumba.