Lugha na Kujitolea: Huduma kwa Wenye Ugonjwa wa Akili Ukambani

Makala haya yanalenga kueleza jinsi watu wanaojitolea wanavyowafikia wenye ugonjwa wa akili Ukambani, hasa Kitui na Makueni, na kuonyesha kwamba nyenzo yao ya kwanza ni lugha.

Kujitolea si jambo geni huko. Tangu jadi Wakamba wana mwethya, ushirika wa majirani wanaounganisha nguvu kulima, kujenga nyumba au kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mabwawa mengi ya mchanga katika mito ya msimu ya kaunti hizi yamejengwa kwa moyo huo huo. Hata hivyo, mwethya huitishwa kwa haja inayoonekana. Shamba lililomshinda mtu huonekana na kila mpita njia. Ugonjwa wa akili hufichwa chumbani. Nao wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Juhudi za kuufichua ugonjwa huu zimeshuhudiwa Makueni. Katika muongo wa 2010, watafiti wa Africa Mental Health Foundation, asasi iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, waliwafunza wahudumu wa afya ya jamii, ambao wakati huo wengi walijitolea bila mshahara, pamoja na waganga wa jadi na viongozi wa dini. Walitumia mwongozo wa mhGAP uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Mganga, au mundu mue kwa Kikamba, hakubezwa, kwa kuwa familia nyingi humwendea yeye kwanza. Hospitali ya Mathari, iliyo kuu kwa maradhi haya nchini, iko mbali, Nairobi.

Je, kazi yenyewe ni ya namna gani? Mhudumu haagizi dawa. Huketi, husikiliza, kisha huuliza: Unapata usingizi? Unakula? Huzuni hii imezidi wiki 2? Akiona dalili, humwelekeza mgonjwa zahanati, kisha humtembelea ajue iwapo dawa zinamezwa. Anayetaja kujiua haachwi peke yake. Zamani kulitamka hilo kulitia hofu ya sheria pia, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Abishaye hodi na kuuliza, "Yuko wapi kichaa wenu?" amekwisha kujifungia mlango. "Kichaa" humgeuza mtu kuwa ndiye ugonjwa. "Mwenye ugonjwa wa akili" humwachia utu wake. Aidha, istilahi zetu zinatatiza. Tanzania hutumia "sonona". Nchini Kenya wengi husema "msongo wa mawazo", ilhali msongo humpata hata mwanafunzi anayengoja mtihani na ukapita, nayo sonona ni ugonjwa unaohitaji tiba. Mkulima wa Mutomo au Kibwezi huenda asitumie neno lolote kati ya hayo. Atasema tu kwamba hapati usingizi na moyo ni mzito.

Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiswahili anayerudi nyumbani likizoni ana la kufanya: kuyaweka maswali ya mhudumu katika lugha ambayo nyanya yake ataielewa, na kulikosoa neno la dharau linapotamkwa. Huo nao ni mwethya.