SANDUKU LENYE KUFULI TATU
Akiba ya mkulima wa Unguja, na wakati wa kuipeleka benki



Leo hatusemi habari ya mbolea wala ya kunguni wa mpunga. Leo tunasema habari ya fedha, kwa sababu mtu anaweza kuijua mbegu bora kwa jina lake na sifa zake zote, lakini siku ya kuinunua akawa hana hata senti.

Fedha ya mkulima ina tabia yake. Haiji kila mwisho wa mwezi kama mshahara wa karani wa mjini. Mpunga wa bonde la Cheju ukishavunwa fedha huja kwa mkupuo, kisha kimya kirefu. Mwani, unaolimwa kwa biashara Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, huenda na bamvua. Maji yakitoka mbali ndipo akina mama hushuka kufunga mbegu kwenye kamba au kuvuna, na tangu kufunga mpaka kuvuna ni kama wiki sita. Bado kuanika, bado kumngoja mnunuzi. Sasa, daftari la mtoto wa skuli linangoja bamvua? Homa ya usiku inangoja mavuno? Hailingoji hata jua lichomoze.

Basi hapo katikati, wakati mfuko ni mtupu, ndipo mkulima anapoumia. Anakwenda kwa mwenye duka, anapewa mchele na sukari, na bei ya mazao yake inakatwa siku hiyohiyo, mazao yenyewe bado mabichi shambani. Mambo haya si mapya Zanzibar. Wazee wetu wenye mikarafuu waliuza karafuu zikiwa mtini, wakaweka mashamba rehani, na madeni yakawa makubwa hata serikali ya kikoloni ikalazimika kuingia kati: mwaka 1927 kikaundwa chama cha wakulima wa karafuu, na mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo kwa sababu ya madeni. Na hao walikuwa watu wenye mashamba. Hawakukosa mali, walikosa fedha ya kuwavusha kutoka msimu hadi msimu.

Utasema, "Mbona sisi tuna upatu?" Kweli, upatu tunao, na ni jambo zuri. Watu kumi wanatoa kila mmoja sawa, mmoja anapokea, wiki ijayo anapokea mwingine. Lakini upatu una kasoro mbili kwa mkulima. Kwanza, kila mtu lazima atoe kiasi kilekile kila mara, na wewe wiki hii umeuza mwani, wiki ijayo huna kitu. Pili, zamu yako ni zamu yako. Mtoto akiugua leo na zamu yako ni mwezi wa tisa, utafanyaje? Utambembeleza mwenzio mbadilishane, naye pengine keshapanga lake.

Kuna njia nyingine, na ilitia mizizi hapa Unguja penye msitu wa Jozani. Mwaka 1995 shirika la CARE, pamoja na idara ya serikali iliyoshughulikia maliasili, lilianza mradi wa kuhifadhi eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ikaonekana mapema kwamba huwezi kumwambia mtu asikate kuni wala asichome makaa bila ya kumwonyesha atakula nini. Ndipo wanavijiji wakafundishwa namna ya kuweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Namna hiyo ilitoka mbali, nchi ya Niger, jimbo la Maradi, ambako mwaka 1991 Bibi Moira Eknes wa Norway aliianzisha pamoja na wanawake wa vijijini. Kwa Kihausa waliita Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye werevu. Huku kwetu vikaja kuitwa vikundi vya hisa, na vile vya Jozani vikawa na chama chao, JOSACA. La kutia moyo ni hili: fedha za mradi zilipokwisha, vikundi havikufa. Utafiti uliofanywa mwaka 2006 ulikuta vimeongezeka, watu wa vijijini wakifundishana wenyewe. Miradi mingi tumeiona, gari likiondoka na mradi unaondoka. Huu ulibaki.

Hebu tuangalie kinavyokwenda. Wanakutana watu kati ya 15 na 30, wanaojuana, wa kijiji kimoja. Wanachagua mwenyekiti, katibu, mshika fedha na wahesabuji wawili. Wananunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu wanapewa wanachama watatu tofauti, na sanduku analiweka mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Kwa hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake usiku, hata akishawishika. Sanduku hufunguliwa mkutanoni tu, mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Asiyejua kusoma anasikia, na anakumbuka. Mkutano unaofuata, kabla ya jambo lolote, wanachama wanaulizwa: wiki iliyopita tuliacha kiasi gani? Wakijibu tofauti na kilichomo, hapo hapo mnajua.

Kila mkutano mwanachama hununua hisa, kuanzia moja mpaka tano, na kwa kila hisa anapigiwa muhuri katika kitabu chake. Hapo ndipo penye faida kwa mkulima kuliko upatu. Chukua mfano wa mama mmoja mlima mwani katika kikundi ambacho hisa ni shilingi 2,000. Tuseme kwa mwaka wa mikutano 50, wiki 12 ameuza mwani, akanunua hisa tano tano. Hizo ni 60. Wiki 38 zilizobaki hali ilikuwa ngumu, akanunua moja moja. Hizo ni 38. Jumla ana hisa 98, sawa na shilingi 196,000. Hakuna aliyemfokea kwamba wiki fulani ametoa kidogo. Ametoa kadiri ya bahari ilivyompa.

Fedha hizo hazilali. Mwanachama mwenye haja anasimama, anaeleza anataka mkopo wa nini, na wenzake wanakubali au wanakataa. Kwa kawaida hapewi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na hulipa katika miezi mitatu hivi. Kando yake kuna mfuko wa jamii, ambao kila mtu hutoa kidogo sawasawa. Huo ni wa msiba, maradhi, nyumba kuungua. Fedha ya mfuko huu isichanganywe na ya hisa, hata kwa siku moja.

Anayekopa huongeza kitu anaporudisha. Vikundi vingi hutoza baina ya asilimia 5 na 10 kwa mwezi. Aliyechukua 100,000 kwa mwezi mmoja anarudisha 105,000 ikiwa ni asilimia 5. Ziada hiyo inaingia sandukuni na mwisho wa mwaka inagawanywa kwa wote. Msidanganyike, haikushuka kutoka mbinguni. Imetoka mifukoni mwenu wenyewe, hasa kwa wale waliokopa sana.

Na hapa wengi wetu tunauliza: je, si riba hiyo? Swali ni la haki, na jawabu lake muulizeni sheikh wenu, si sisi wa kilimo. Tunaloweza kusema ni kwamba kikundi hakilazimiki kutoza ziada. Mnaweza kukopeshana bila ya nyongeza, kila mtu akachukua mwisho wa mwaka kile alichoweka. Au kikundi kinaweza kumnunulia mwanachama kitu chenyewe, tuseme kamba na mambo za mwani, kikakipokea, kisha kikamuuzia kwa bei waliyokubaliana, alipe kidogo kidogo. Lililo muhimu ni kuamua kabla ya hisa ya kwanza kununuliwa, na kuliandika katika katiba. Ugomvi wa riba ukizuka mwezi wa nane, kikundi kinavunjika.

Sasa tufike penye hatari, maana watu wengi wanaiogopa mahali sipo.

Watu huogopa sanduku kuibiwa katikati ya mwaka. Lakini katikati ya mwaka sanduku halina kitu! Fedha ziko mikononi mwa wanachama, zimenunua mbegu, kuku, cherehani. Hatari iko mwisho. Wiki nne au tano kabla ya kugawana, mikopo yote hurudishwa na mipya haitolewi. Chukua kikundi cha watu 25, kila mmoja kwa wastani akinunua hisa tatu za shilingi 2,000. Kila wiki zinaingia 150,000, na kwa wiki 50 ni 7,500,000. Tuseme ziada imefika 900,000. Basi zile siku za mwisho, chini ya kitanda cha mwenzenu mmoja, mna shilingi 8,400,000, na kijiji kizima kinajua. Kufuli tatu humzuia mwanachama asijaribiwe. Mwizi hana haja ya kufuli. Atabeba sanduku zima.

Hapo ndipo benki inapoingia. Tangu mwaka 1966 Zanzibar ina Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, na mwaka 2011 benki hiyo ilifungua huduma za Kiislamu kwa wasiotaka riba. Ziko na benki nyingine. Kikundi kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake. Nendeni tawini muulize karatasi gani zinatakiwa. Kwa kawaida ni katiba ya kikundi, muhtasari wa mkutano uliowachagua viongozi, barua ya sheha, na vitambulisho vya watakaotia saini. Watia saini wawe watatu, na wasiwe wa nyumba moja. Msingoje wiki ya mwisho kuanza safari hizo. Fungueni akaunti mwanzoni mwa mwaka, hata ikikaa na fedha kidogo, ili mikopo ikianza kurudi muwe mnayo njia. Na wanaokwenda kuweka fedha waende watatu, asubuhi, warudi na stakabadhi, na stakabadhi isomwe mkutanoni kama fedha zinavyohesabiwa.

Atasema mzee mmoja, "Na benki nayo ikifungwa?" Hakusema uongo. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia benki tano za Bara kwa sababu mtaji wao ulikuwa umepungua kuliko inavyotakiwa. Miongoni mwao zilikuwamo benki za jamii za Njombe na Meru, na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Yaani hasa zile benki ndogo zilizo karibu na watu kama sisi. Ukaribu peke yake hautoshi. Lakini benki yenye leseni ya Benki Kuu ina kinga ambayo sanduku halina, nayo ni bima ya amana. Benki ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye akaunti mpaka kikomo kilichowekwa. Wakati wa zile benki tano kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 kilipandishwa kufika 7,500,000. Kikundi chetu cha mfano, chenye 8,400,000, kingekuwa kimekingwa karibu zote, si zote. Sanduku likiibiwa hakuna bodi ya kukulipeni.

Siku ya kugawana hesabu ni nyepesi. Chukua fedha zote, 8,400,000. Hesabu mihuri yote katika vitabu vyote. Hapa ni 3,750. Gawa. Kila hisa imekuwa 2,240. Yule mama wa mwani mwenye hisa 98 anapokea 219,520. Fanyeni hesabu hiyo ubaoni, mara mbili, na watu wawili tofauti, kabla ya noti moja kutoka.

Limebaki la tarehe. Vikundi hupenda kugawana kabla ya Ramadhani, ili watu wapate tende, unga na nguo za Sikukuu. Si vibaya. Lakini mwezi mwandamo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na masika hayarudi nyuma. Mwaka 2026 Ramadhani imeangukia Februari na Machi, karibu sawa na kutayarisha mashamba, kwa hivyo anayegawana wakati huo anaweza kutenga fungu la Sikukuu na fungu la mbegu. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mwanzo wa Januari, na fedha iliyogawanywa Disemba haitafika Machi. Mnaolima mpunga, andikeni katika katiba kwamba mnagawana wiki ya kwanza ya Februari, na akiba ya Sikukuu muiwekee kitabu chake mbali, yenye muhuri wa rangi nyingine.