Nintendo ya Zamani Ikitoa Picha Iliyovurugika, Usiikimbilie Chipu

Hizi Nintendo za zamani, ambazo jamaa zetu walikuwa wakituletea kutoka Dubai na Maskati, sasa zinatolewa makabatini kwa ajili ya watoto. Nyingi zinawaka, lakini picha inakuja kama mkeka ulioshonwa gizani. Mwenye nayo huipeleka kwa fundi, naye akitazama mara moja tu hutoa hukumu: "Chipu ya picha imekufa."

Hukumu hiyo ni nzito. Chipu ya picha, iitwayo PPU, haitengenezwi tena na Nintendo, na ukitaka nyingine ya asili inabidi uchinje mashine nyingine. Ina miguu 40, na fundi akiing'oa kwa moto mwingi huondoka na njia za shaba za bodi. Ikifika hapo mashine ndiyo basi. Kwa hivyo kabla ya kushika chuma cha kulehemu, nawaomba muisome ile picha mbovu, maana yenyewe husema ugonjwa uko wapi.

Mashine ninayoizungumzia ni NES, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985 baada ya ndugu yake, Famicom, kutoka Japani mwaka 1983. Kila kinachoonekana nyuma, yaani ukuta, mawingu na ardhi, hupangwa kwa vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8. Michoro ya vigae imo ndani ya kaseti. Orodha ya kigae gani kikae wapi imo kwenye chipu ya kumbukumbu ya kilobaiti 2 iliyo kwenye bodi. Lakini vile vinavyotembea, kama Mario na maadui zake, PPU huvihifadhi ndani yake yenyewe mahali pa kukaa.

Sasa tazama. Ikiwa muziki unalia na Mario anaruka ukibonyeza, ubongo wa mashine ni mzima. Ikiwa Mario mwenyewe ametoka safi ila ukuta ni vurugu, PPU inachora, haijafa. Shuku ile orodha. Ikiwa Mario na ukuta vyote vimekatikakatika, shuku njia ya kwenda kwenye michoro: meno ya kaseti, soketi yake ya pini 72, au chipu ndogo ya 74LS373 inayoshika anwani. PPU iwe ya mwisho kushtakiwa.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mji wa Kale aliniletea NES ya marehemu kaka yake. Alikuwa ameshaambiwa PPU imekwisha, ainunue nyingine au aitupe, na kuitupa hataki hata kusikia. Nilipoiwasha, Mario alikuwa mzima na ukuta umeparaganyika. Nikajaribu kaseti tatu, ugonjwa ni ule ule. Ingekuwa kaseti moja tu, ningeishughulikia hiyo kaseti.

Hata hivyo nilianza na usafi, na hapa wengi hukosea. Waya mbili zinazoiongoza ile chipu ya orodha hupitia kwenye kaseti, kwa hivyo soketi chafu yaweza kuleta ugonjwa huu huu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na meno ya shaba. Nikayasugua kwa spiriti na pamba. (Kule kupuliza kwa mdomo tulikozoea utotoni, Nintendo wenyewe wanakukataza, kwa sababu unyevu wa pumzi huleta kutu.) Hakuna kilichobadilika. Nikapima umeme wa bodi, nikapata volti 5 kamili.

Kwenye bodi kuna chipu mbili pacha za kumbukumbu: U1 ya ubongo na U4 ya picha. Baada ya dakika chache nikazigusa. U1 ilikuwa vuguvugu, U4 inaunguza kidole. PPU yenyewe ni ya moto siku zote, joto lake si ushahidi, lakini pacha wawili wanaofanya kazi kwa umeme mmoja hawatofautiani hivyo. Nikakata miguu ya U4 mmoja mmoja ili bodi isiumie, nikaweka soketi, nikachomeka chipu ya aina ya 6116 niliyoitoa kwenye bodi kuukuu. Ukuta ukasimama mahali pake. Yule mama hakusema neno, alikaa akacheza.

Kuna na "magonjwa" yasiyo magonjwa. Mashine ya Japani au Marekani hutoa picha ya NTSC, na kwenye televisheni zetu kuukuu za PAL yaweza kutoka bila rangi au ikawa inapanda juu. Badilisha televisheni, usifungue bodi. Vilevile maadui wakijaa kwenye mstari mmoja huanza kumetameta, kwa sababu PPU huchora vitu 8 tu kwa kila mstari. Ilikuwa hivyo tangu ikiwa mpya. Huletewa mashine za namna hii mara kwa mara, nami huzirudisha kama zilivyokuja.