Kichwa Kikipigwa, Tabia Inaweza Kubadilika

Ukurasa huu umekwisha kuwaeleza mara nyingi juu ya vidole, macho na mapafu. Leo tutasema juu ya ubongo. Kila mtu anajua kwamba kwa ubongo tunahesabu, tunakumbuka, tunatembeza mikono na miguu. Lakini ubongo una kazi nyingine kubwa: unatuwezesha kuishi na wenzetu. Kwa ubongo unafahamu kwamba mke wako amekasirika hata kabla hajasema neno. Kwa ubongo unazuia tusi lililofika mdomoni. Sehemu hizo za ubongo zikiumia, mtu anaweza kupona mwili na kubaki mgonjwa wa tabia.

KAPITA WA BARUTI

Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish, katika jimbo la Vermont, Marekani, watu walikuwa wakipasua mawe ili kupitisha njia ya reli. Kapita wao aliitwa Phineas Gage, kijana wa miaka 25. Wakubwa wake walimsifu sana: mtu wa akili, mwenye nguvu, mwenye kumaliza kazi aliyoianza.

Kazi ilikuwa hivi: kutoboa tundu ndani ya jiwe, kutia baruti na utambi, kumwaga mchanga juu yake, kisha kushindilia kwa fimbo ya chuma. Mchanga ndio uliozuia chuma kisigonge jiwe karibu na baruti. Saa ile mchanga ulikuwa haujamwagwa. Gage aligeuza kichwa kutazama watu wake waliokuwa nyuma, na fimbo ikashuka ndani ya tundu. Chuma kiligonga jiwe, cheche ikatoka, baruti ikalipuka. Fimbo hiyo, yenye urefu wa mita 1 na sentimita 10 na uzito wa kilo 6, iliingia chini ya shavu la kushoto, ikapita nyuma ya jicho na kutokea juu ya kichwa.

Hakufa. Dakika chache baadaye alikuwa akisema, akapelekwa mjini ameketi ndani ya gari la ng'ombe. Mganga John Harlow alimtunza, na baada ya majuma kama kumi alirudi kwa wazazi wake. Jicho la kushoto lilipofuka, lakini alitembea, alisema, alikumbuka mambo.

Hata hivyo, alipoomba kazi yake tena, wakubwa walikataa. Harlow aliandika kwamba kapita yule mpole sasa alitukana ovyo, hakuwa na subira, hakusikiliza shauri la mtu, alipanga mambo mengi na kuyaacha njiani. Rafiki zake walisema huyu si Gage tena.

SEHEMU ZA UBONGO NA KAZI ZAKE

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 400 hivi. Sehemu zake zinasaidiana, lakini kila moja ina kazi inayoifanya zaidi.

1. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ni kama breki ya gari. Inazuia hasira, inatufanya tufikiri mbele ya kutenda. Hiyo ndiyo iliyoumia kwa Gage.

2. Sehemu ya chini, kwa upande wa nyuma, inatambua nyuso. Mwaka 1947 mganga Mjerumani, Joachim Bodamer, aliandika habari za askari waliojeruhiwa kichwani. Waliona macho, pua na mdomo, lakini hawakuweza kujua ni uso wa nani.

3. Ndani kabisa, kila upande, kuna kinundu kidogo kinachotuonya juu ya hatari. Ndicho kinachotusaidia kusoma woga katika uso wa mwenzetu.

4. Sehemu iliyo juu kidogo na nyuma ya sikio inatusaidia kujua mwenzetu anafikiri nini.

Kazi hii ya nne haiji siku moja. Akina mama wanaweza kuijaribu nyumbani. Mama anaweka karanga ndani ya sufuria, anatoka. Dada anazihamisha na kuzitia ndani ya kikapu. Uliza mtoto: mama akirudi atazitafuta wapi? Mtoto wa miaka 3 mara nyingi atajibu: ndani ya kikapu. Anadhani kila anachojua yeye, mama naye anakijua. Mtoto wa miaka 4 au 5 atajibu: ndani ya sufuria, kwa kuwa mama hakuona.

Jambo hilo si la watoto tu. Wewe umemaliza zamu yako, unajua kwamba tundu moja la baruti halikulipuka. Mwenzako anayeingia hajui. Ukiwa umechoka, ni rahisi kusahau kwamba yeye hajui. Mwambie kwa mdomo, mwonyeshe kwa mkono, na jambo liandikwe.

Usingizi mdogo na pombe vinadhoofisha kazi hizi zote. Mtu aliyekunywa lutuku breki yake imelegea: haoni kwamba mwenzake amekasirika, na neno dogo linaleta vita. Vumbi la manganezi nalo, likivutwa kwa muda mrefu, linaweza kuingia ubongoni. Mgonjwa anakuwa mwepesi wa hasira, anacheka au kulia bila sababu, na baadaye uso wake unakauka, hauonyeshi furaha wala huzuni. Vaa kinga ya vumbi.

SI UCHAWI

Mara nyingine mke anasema: "Bwana yangu alianguka kazini, akapona, lakini tangu pale anapiga watoto, anatupa franga, analia bure." Jamaa wanaanza kutafuta aliyemroga, au wanasema mke ndiye mbaya. Wakati huo ubongo ulioumia haupati matunzo.

Mtu akipigwa kichwani, mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

– alizimia, hata kwa dakika moja;
– anatapika, au kichwa kinazidi kuuma;
– analala usingizi mzito na ni vigumu kumwamsha;
– mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine;
– damu au maji yanatoka sikioni au puani;
– anatetemeka kwa kifafa, au anasema maneno yasiyoeleweka.

Usimpe pombe. Usimwache peke yake usiku wa kwanza. Na hata kama anajisikia vizuri, ajali iandikwe siku ile ile. Tabia inaweza kubadilika baada ya majuma au miezi. Kama ajali haikuandikwa, nani atakumbuka mwanzo wa matata? Mke ndiye anayeona mabadiliko wa kwanza. Aende pamoja na mgonjwa, amweleze mganga wazi.

MATUMAINI YAPO

Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa. Ilimpasa kuamka mapema, kutunza farasi, kupokea wasafiri kwa heshima. Wataalamu wengi wa leo wanafikiri kwamba kazi hiyo yenye utaratibu ilimsaidia kupata tena sehemu ya tabia yake njema. Alikufa San Francisco mwaka 1860, baada ya kushikwa na kifafa. Fuvu lake na ile fimbo vinatunzwa mpaka leo na chuo cha uganga cha Harvard.

Basi, aliyeumia kichwa asifungiwe nyumbani wala kuchekwa. Mpe kazi ndogo ya kila siku, kwa saa ile ile. Sema naye polepole, jambo moja kwa moja. Akianza hasira, ondoa watoto, ngoja itulie.

Na wewe mzima, vaa kaske yako, funga mkanda wake chini ya kidevu, na unaposhika baruti usigeuze macho. Kaske ikipasuka, unapewa nyingine stoo. Ubongo haupatikani stoo.