Jalidi Milimani: Maji Yapasuayo Miamba na Kuinua Udongo

Wakazi wa kaskazini ya Uingereza huuita mlima kwa jina la "fell", neno walilorithi kutoka kwa walowezi wa Skandinavia waliofika huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mlima mrefu kuliko yote katika safu ya Pennines ni Cross Fell, wenye kimo cha meta 893. Kwa aliyezoea habari za Kilimanjaro, huo ni kilima tu. Hata hivyo, mtu aupandaye siku ya jalidi katika mwezi wa Desemba hukutana na kanuni kadhaa za fizikia, na asipozielewa zaweza kumgharimu maisha.

Jalidi ni chembechembe za barafu zinazofanyika wakati mvuke wa maji uliomo hewani unapogusa kitu chenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Sentigredi. Mvuke huo hugeuka barafu moja kwa moja, bila ya kuwa maji kwanza. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila meta 1,000 za mwinuko. Lakini usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana mpandaji aweza kuliacha bonde la Mto Eden likiwa jeupe kwa jalidi, akakuta hewa yenye joto zaidi mlimani.

Karibu na kilele, mpandaji hukanyaga mawe makali yaliyotapakaa. Hiyo ni kazi ya maji. Maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Yakiwa yamejipenyeza katika nyufa za mwamba, hizo nyufa huzidi kupanuka kila yanapoganda, hata mwamba ukapasuka. Mengi ya mawe hayo yalipasuliwa katika enzi za baridi kali, kabla ya enzi ya barafu kwisha miaka 11,700 hivi iliyopita.

Mabega ya mlima yamefunikwa na kinamasi cha mboji. Mboji hiyo ni mabaki ya mimea, hasa kuvumwani wa jamii ya Sphagnum, ambayo hayakuoza sawasawa kwa kuwa maji huizuia oksijeni isiyafikie. Huongezeka kwa milimeta 1 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo kina cha meta 1 ni akiba ya miaka ipatayo 1,000.

Siku ya jalidi uso wa kinamasi huwa mgumu kama sakafu, na mpandaji hushawishika kukatiza. Hapo ndipo penye mtego. Kila kilo 1 ya maji inapoganda hutoa joto la jouli 334,000, ambalo lingetosha kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 0 mpaka karibu nyuzi 80. Ni lazima joto hilo liondoke ndipo barafu iongezeke unene, nalo huondoka polepole, kwani mimea na theluji hulizuia mithili ya blanketi. Kwa hiyo chini ya barafu ya sentimeta chache mna tope laini. Anayetumbukia hulowa, na nguo zilizolowa huuondolea mwili joto upesi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, fahamu huanza kuvurugika. Na Desemba jua la huko huzama kabla ya saa kumi jioni.

Jalidi huathiri kinamasi chenyewe pia. Mahali ambapo mimea imekanyagwa ikafa, maji ya udongoni hupanda juu usiku na kuganda yakiwa sindano nyembamba za barafu, zinazoinua chembe za mboji. Sindano zikiyeyuka, mboji hubaki imelegea, ikachukuliwa na upepo na mvua. Akiba ya karne nyingi hupotea hivyo. Kwa sababu hiyo sehemu nyingi za njia ya miguu ya Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965 na kupita juu ya Cross Fell, zimetandikwa mabapa ya mawe, mengine yakitoka katika viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Mabapa huiokoa mboji, ila siku ya jalidi huteleza. Yafaa kutembea kwa hadhari.

Sindano hizo si ngeni Afrika Mashariki. Katika miteremko ya juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, hufanyika usiku wenye anga safi na kuyeyuka jua lipandapo. Huko nako, anayeiacha njia huwaonea mimea na udongo.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hizi darasani. Chupa ya plastiki, wala si ya kioo, ijazwe maji pomoni, ifungwe, na kulazwa katika sehemu ya kugandishia ya jokofu. Asubuhi itakutwa imevimba. Kisha kipimajoto kitiwe katika bakuli la vipande vya barafu vinavyoyeyuka, na maji yakorogwe. Wanafunzi wataona kwamba kipimo hakiondoki kwenye nyuzi 0 mpaka barafu karibu yote iishe. Waulizwe: joto linaloingia bakulini muda huo wote linakwenda wapi? Atakayejibu sawasawa ataelewa pia kwa nini kinamasi kilichoganda juu hakiaminiki.