Homa Bay kwa Mgeni

Mgeni aufikiaye mji wa Homa Bay kwa barabara, akitokea upande wa Migori na Rongo, huuona kwa kisogo chake, yaani maduka, kituo cha matatu na kelele za bodaboda. Na aghalabu hushuka, akala ngege wake wa kukaanga, akaenda zake akidhani ameujua. Uso wa mji huu umeelekea ziwani. Reli ya Uganda ilipowasili Port Florence, ndipo Kisumu ya leo, mnamo Desemba 1901, biashara ya merikebu za moshi ilistawi katika Ziwa Nyanza, na magati ya Ghuba ya Winam, likiwamo la Homa Bay, yakawa milango ya tijara ya Nyanza Kusini, hata barabara zilipozinyang'anya meli abiria na shehena, na magugumaji ya miaka ya 1990 yakazidi kuiziba njia.

Kwa hiyo namsihi mgeni alale mjini, na alfajiri ashuke ufuoni. Dagaa, ambao wenyeji huwaita omena, huvuliwa usiku wa kiza, kwa kuwa panapo mbalamwezi taa ya mvuvi haiwavuti. Taa huelea majini, samaki wakaikusanyikia, kisha wavu ukawazingira. Kukipambazuka, kina mama wachuuzi huwapokea kwa mabeseni, wakawatandaza juu ya nyavu kuukuu na kuwageuza kwa mikono hata wakauke, ndipo wapimwe kwa gorogoro. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, hasara ni ya mchuuzi, wala si ya mwenye mashua aliyekwisha kulipwa. Jambo ambalo mimi silioni kuwa insafu.

Baada ya hayo na apande kilima cha Asego, kilichochongoka kando ya mji, aitazame hori na ghuba kabla jua halijawa kali. Mwenye nafasi avuke Mbita hadi Rusinga, alikozikwa waziri Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ambako Mary Leakey alivumbua fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Au aende hifadhi ya Ruma, katika bonde la Lambwe, awaone korongo, paa wakubwa walio adimu mno nchini Kenya.

Ajue pia kwamba tangu Aprili hadi Julai serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki wazaane. Atakaye kuwaona na aje Agosti au baadaye, siku za kiza cha mwezi.